Waokaji wa usiku, saa 12 za kuchelewa na dereva asiyeonekana

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni afisa utumishi wa kiwanda cha mikate hapa Dar es Salaam, tuko watu 83. Ofisi inafanya kazi saa 2 hadi saa 11. Waokaji ni wa usiku, nao saa 2 hadi saa 11, na katikati wana saa moja ya kula. Wanakuja siku sita, Jumapili wako ofu. Madereva wa kusambaza wanaingia saa 9 usiku. Miezi miwili iliyopita tuliwekewa programu ya mahudhurio inayosoma mashine ya kidole. Nikichuja "waliochelewa" kwa Jumatatu wanakuja waokaji wote, kila mmoja kachelewa kama saa 12 na "hakutoka". Siku nyingine hawamo kabisa, ila nikifungua saa za ziada nakuta kila mwokaji kafanya kazi karibu saa 15. Halafu kuna dereva mmoja ambaye getini wote wanajua anachelewa, lakini hajawahi kutokea kwenye waliochelewa wala wasiofika. Mhasibu aliichukua ripoti hiyo akakata mishahara ya watu 11, na sasa huku ndani hakukaliki. Programu ni mbovu? Na hivi vichujio vya ratiba vinatumiwaje hasa?

JIBU: Nzuri, dada, na pole kwa hilo la mishahara. Programu yenu si mbovu. Umeniandikia dalili tatu na kila moja ina chanzo chake, kwa hiyo usizitibu kwa dawa moja. Nianze na iliyo nyepesi.

Saa 12. Mtu huchelewa dakika 20. Mvua ikinyesha na barabara ya Jangwani ikafungwa, huchelewa saa mbili. Lakini kikosi kizima hakiwezi kuchelewa saa 12 kila Jumatatu, Jumatatu zote. Soma tena barua yako mwenyewe: ofisi "saa 2 hadi saa 11", waokaji "saa 2 hadi saa 11". Mimi na wewe hatuhitaji kuambiwa kwamba moja ni ya asubuhi na nyingine ya usiku. Nadhani fundi aliyewafungia programu alipewa karatasi ile iliyobandikwa ubaoni, akaona saa zinalingana, akatengeneza ratiba moja ya 08:00 hadi 17:00 na kuwatia humo watu wa ofisi na waokaji. Mwokaji anayefika 20:00 akipimwa kwa ratiba inayoanza 08:00, jibu ni saa 12, na hesabu hiyo haina kosa lolote.

Kosa hili nimelikuta hotelini, nimelikuta kwenye kampuni ya ulinzi, na nina hakika nitalikuta tena. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo, mashine inahesabu kuanzia saa 6 usiku. Kwenye mazungumzo hakuna shida. Kwenye jina la ratiba na jina la kichujio, andika 20:00–05:00, na karatasi ya ubaoni ibadilishwe hivyo hivyo. "Zamu ya saa 2" ni jina moja lenye zamu mbili ndani yake.

Sasa zile saa 15, ambazo ndizo za hatari zaidi kwa sababu zinapendeza. Fuata vidole vya mwokaji mmoja. Jumapili usiku yuko ofu. Jumatatu anapiga kidole 19:58 akiingia. Anatoka 05:06, ila saa hiyo tayari ni Jumanne. Jumanne hiyo hiyo usiku anarudi, 19:57. Programu yenu inafunga siku saa 6 usiku, na programu nyingi zina desturi ya kuchukua kidole cha kwanza cha siku kuwa ndiyo kuingia na cha mwisho kuwa ndiyo kutoka. Basi Jumatatu ina kidole kimoja tu: kaingia 19:58, kachelewa, hakutoka. Jumanne ina viwili: "kaingia" 05:06, "katoka" 19:57. Hizo ni saa 14 na dakika 51, tena hajachelewa, maana amefika kabla ya 08:00! Lakini huo ndio muda aliokuwa nyumbani, amelala, ameamka, amefua. Programu imemhesabia usingizi kuwa kazi na kazi kuwa utoro. Fungua na Jumapili: nina uhakika utamkuta na kidole kimoja cha alfajiri, "kaingia siku ya ofu, hakutoka".

Ukishaliona hilo umeelewa kichujio cha ratiba ni kitu gani. Ndani ya programu kuna madaftari mawili. La kwanza ni la vidole: namba ya mtu, tarehe, saa, mashine gani. La pili ni la ratiba: nani alitarajiwa, siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Katika daftari la vidole neno "kuchelewa" halimo, wala "utoro", wala "saa za ziada". Yanazaliwa pale programu inapoweka madaftari hayo pamoja na kuangalia tofauti. Kichujio cha idara au cha tarehe kinachagua tu mistari iliyopo. Kikikosea utashtuka mara moja, kwa kuwa utaona watu wa stoo kwenye orodha ya ofisi. Kichujio cha ratiba kinakokotoa kwanza ndipo kinachagua. Ratiba ikiwa mbaya kinakuletea orodha safi, imepangwa kwa alfabeti, tayari kuchapishwa, na yote ni uongo. Ndivyo mhasibu wenu alivyonaswa, na mimi simlaumu sana.

Dawa ya waokaji ina sehemu mbili na zote mbili zinatakiwa. Watengenezee ratiba yao, kuanza 20:00, kumaliza 05:00 ya siku inayofuata. Programu nyingi zina kisanduku kidogo cha kuonyesha kwamba zamu inavuka usiku wa manane. Wengine huweka alama ya +1 pembeni ya saa ya kutoka. Usikisahau. Pili, sogeza kikomo cha siku kwa ratiba hiyo. Badala ya siku kukatika saa 6 usiku, ikatike 12:00, saa 6 mchana, wakati hakuna mwokaji hata mmoja karibu na geti. Kama programu yenu haina kikomo cha siku, itakuwa na kitu cha kufanana nacho: muda ambao kidole kinakubaliwa kuwa cha kuingia, tuseme 18:00 hadi 23:00, na muda ambao kinakubaliwa kuwa cha kutoka, 03:00 hadi 09:00. Matokeo ni yale yale. Kidole cha 05:06 kitarudi kwa mwenyewe, yaani kwenye zamu iliyoanza 20:00 jana yake.

Hapo utapata swali ambalo fundi hawezi kukujibia: zamu hiyo ni ya Jumatatu au ya Jumanne? Kiswahili chetu kinaipa asubuhi: tunasema usiku wa kuamkia Jumanne. Wazee wa Pwani wanakwenda mbali zaidi, kwao siku inaanza magharibi, na ukisikia "usiku wa Ijumaa" ujue ni jioni ya Alhamisi. Programu nyingi zinaipa tarehe ya kuanza. Chagueni moja na muiandike. Ushauri wangu ni tarehe ya kuanza, na sababu si mazoea ya programu peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwenye kifungu cha 18, inatafsiri "siku" kuwa kipindi cha saa 24 kuanzia muda ambao mfanyakazi kwa kawaida huanza kazi. Haisemi kuanzia saa 6 usiku. Siku ya mwokaji wako kisheria inaanza 20:00. Yaani ulipokuwa ukiikata usiku wa manane ulikuwa unatumia siku ambayo sheria yenyewe haiitumii kupima saa zake. Wiki nayo inapimwa hivyo hivyo, siku saba kuanzia siku ambayo mtu kwa kawaida huanza wiki yake ya kazi, kwa hiyo angalia kama kichujio cha "wiki hii" kinaanza Jumapili wakati watu wako wanaanza Jumatatu.

Fomu za ruhusa nazo zibadilike. Mtu akiandika "naomba usiku wa Jumanne", mwulize tarehe na saa. Vinginevyo atapumzika usiku mmoja na programu itamsamehe usiku mwingine.

Haya, dereva. Umeniambia hatokei kwenye waliochelewa wala kwenye wasiofika, na hilo la pili ndilo lililonipa jibu. Mtu mwenye ratiba lazima aangukie mahali fulani: amewahi, amechelewa, hakufika, yuko likizo. Asiyeangukia popote hana ratiba. Labda aliajiriwa baada ya fundi kuondoka na aliyemsajili akaweka jina na kidole tu. Labda aliwekwa kwenye ratiba huria, ile inayohesabu saa bila kujali ameanza lini, ambayo mafundi huipenda kwa madereva kwa kuwa inapunguza kelele. Kwa vyovyote vile daftari la pili halina mstari wake, na pasipo mstari hakuna cha kulinganisha. Asiye na ratiba hachelewi.

Kwa hiyo kichujio cha kwanza kukifungua kesho asubuhi si cha waliochelewa. Tafuta kile cha "wasio na ratiba" kwa mwezi mzima uliopita. Kama hakipo, toa orodha ya wote 83, toa orodha ya wenye ratiba, zilinganishe kwenye Excel. Ningeshangaa sana kama dereva huyo yuko peke yake. Kwa kawaida unakuta waajiriwa wapya, waliohamishwa idara, na bosi mmoja au wawili waliosema wazi kwamba wao hawapigi kidole.

Hapo hapo kuna mtego wa waliohamishwa. Ukichuja kwa jina la ratiba, uliza programu inaangalia ratiba ya mtu leo au ratiba aliyokuwa nayo siku ile. Baadhi zinaangalia ya leo. Mwokaji aliyehamia kufungasha mchana tarehe 15 anatoweka kwenye ripoti ya usiku ya tarehe 1 hadi 14, na nusu mwezi wake wa usiku unapimwa kwa saa za mchana. Kila badiliko la ratiba liwe na tarehe ya kuanza kutumika, na ratiba ya zamani usiifute wala usiiandike upya juu kwa juu; ifunge, fungua mpya.

Kwa madereva kuna jambo moja zaidi la kuangalia kwa sababu ya saa yao. Kama programu iko kwenye intaneti, fungua mipangilio ya akaunti uone ukanda wa saa. Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa ya kulinganishia. Akaunti ikiachwa UTC, siku yake inakatika saa 9 usiku kwa saa za hapa, dakika ile ile madereva wako wanapoingia. Aliyewahi, wa 02:50, anaandikwa jana yake. Aliyechelewa, wa 03:20, anaandikwa leo. Asubuhi unachuja wasiofika, unawakuta waaminifu wote. Sidhani ndivyo ilivyo kwenu, maana vidole vya waokaji vinasoma saa sahihi, lakini kuangalia ni dakika moja.

Kabla hujaamini chochote baada ya marekebisho, fanya jaribio dogo. Chagua usiku mmoja na watu watatu: mwokaji, dereva, mlinzi. Mwombe msimamizi wa zamu aandike kwa kalamu nani kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi. Asubuhi endesha vichujio vyako vyote kwa watu hao tu ulinganishe na karatasi. Vikitofautiana, usiongeze watu wengine mpaka ujue kwa nini. Katika jaribio hilo hilo angalia vidole vyenyewe. Waokaji wana unga mikononi na wengine vidole vimeungua. Mashine haiwasomi vizuri, wanapiga mara tatu, mara nne. Kuna programu zinazogeuza kidole cha pili kuwa kutoka, na unapata mtu aliyefanya kazi sekunde 9. Weka kanuni ya kupuuza kidole kinachorudiwa ndani ya dakika 5, na weka ndoo ya maji na kitambaa pale mlangoni. Ndoo hiyo itakusaidia kuliko mipangilio mingi.

Na saa ya mashine yenyewe. Umeme ukikatika na betri ya ndani imekufa, mashine huwaka upya na tarehe ya zamani. Niliwahi kuona vidole vya wiki nzima vimekwenda kukaa miaka mingi nyuma. Vichujio vyote vikasema hakuna aliyefika kazini, na hakuna aliyetafuta huko vilikojificha.

Matumizi ya kila siku hayahitaji vichujio vingi. Mimi kila asubuhi ningefungua viwili tu. Cha kwanza: walioratibiwa wasioonekana, baada ya kuondoa walio likizo na wagonjwa. Cha pili, ambacho watu hukisahau na ndicho ninachokipenda: walioonekana bila kuratibiwa. Hiki cha pili ndicho kinachofichua kubadilishana zamu kimyakimya. Mmoja ana msiba Morogoro, mwenzake anamshikia usiku mmoja, msimamizi anajua, wewe hujui. Kwenye kichujio cha kwanza yule wa msibani ni mtoro. Kwenye cha pili mwenzake ni mtu aliyezuka. Ukiviweka sambamba, majina mawili, usiku mmoja, idara moja, umeshajua kilichotokea kabla hujamwandikia mtu barua. Kisha mfundishe msimamizi kubadilisha ratiba ndani ya programu kabla ya zamu, si baada ya mshahara.

Waliochelewa wafungue mara moja kwa wiki. Na kabla hujafanya hivyo amueni dakika za msamaha ni ngapi na zinafanyaje kazi. Mkisema dakika 10, aliyefika 20:12 kachelewa dakika 12 au dakika 2? Programu zinatofautiana, na wafanyakazi wakigundua kwamba ofisi inahesabiwa kwa njia moja na kiwanda kwa nyingine, utarudi kuniandikia.

Sasa nikupeleke mahali ambapo hukuniuliza, maana nimepiga hesabu ya barua yako na haijanikalia vizuri.

Umesema waokaji wanafanya 20:00 hadi 05:00, saa moja ya kula katikati, siku sita. Ni saa 8 za kazi kwa usiku. Mara sita ni 48. Kifungu cha 19 cha sheria ile kinaweka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa 3 kila wiki ni za ziada, hata mtu asipobaki dakika moja baada ya zamu. Je, kichujio chako cha saa za ziada kitakuonyesha? Hapana. Ukisharekebisha ratiba vizuri kama nilivyokueleza, kitakuonyesha sifuri, kwa sababu kazi yake ni kupima vidole dhidi ya ratiba, na ratiba inasema 48. Mtu aliyekaa ndani ya ratiba kwake hana cha ziada. Kichujio hakijui sheria mpaka uiweke mwenyewe. Kwa hiyo ongeza kichujio cha pili kisichotazama zamu, kinachojumlisha saa za kazi za wiki na kukamata kila anayevuka 45. Ofisi, kama inafanya siku tano, haitatokea. Waokaji watatokea wote, na safari hii itakuwa kweli.

Kwa fedha, ili uweze kumweleza mhasibu: kupata mshahara wa saa moja, jedwali la sheria linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha wa wiki kwa saa za kawaida. Kwa saa 45 inakuwa kama kugawa kwa 195. Chukua mwokaji mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi. Saa yake ni 2,000. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, 3,000. Tatu kwa wiki ni 9,000. Juu yake kuna usiku: kazi ya kati ya 20:00 na 06:00 inaongezewa asilimia 5 ya msingi kwa kila saa, na kwa saa za ziada asilimia hiyo inahesabiwa juu ya kiwango cha ziada. Saa 45 kwa shilingi 100 ni 4,500. Saa 3 kwa 150 ni 450. Jumla 13,950 kwa wiki kwa mtu mmoja. Ulikuwa unaogopa saa 15 za uongo, kumbe zilikuwa zimeficha saa 3 za kweli.

Tena hapo nimekubali kwamba ile saa ya kula inaliwa kweli. Programu nyingi hukata dakika 60 zenyewe bila kumwuliza mtu. Sheria inatoa mapumziko ya angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na hayalipwi, isipokuwa pale mtu anapotakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi muda huo. Oveni haiachwi. Kama kuna waokaji wawili wanaokula huku jicho liko kwenye mikate, saa yao hiyo ni ya kazi, wiki yao ni 54, na ziada yao ni 9. Nenda ukaangalie usiku mmoja kwa macho yako. Hili hakuna kichujio kitakachokuambia.

Na ukomo: saa za ziada zinatakiwa ziwe kwa makubaliano na zisizidi 50 katika mzunguko wowote wa wiki nne. Mwezi wa kalenda si wiki nne. Mtu anaweza kuwa na saa 42 za ziada Oktoba na 40 Novemba, ripoti zote mbili zikapita, lakini wiki mbili za mwisho za Oktoba zilikuwa na 30 na mbili za kwanza za Novemba zikawa na 28. Hizo ni 58. Weka kichujio cha siku 28 kinachosogea, ukiendeshe kila Jumatatu. Walinzi wako, kama ni waajiriwa wenu na wanakesha saa 12, watakuwa wa kwanza kwenye orodha hiyo.

Sikukuu nitazipitia haraka. Kazi ya sikukuu na ya siku ya mapumziko ya wiki inalipwa mara mbili, kwa hiyo kalenda ya programu lazima iwe ya kwetu. Nyingi huja na kalenda ya kwingine: zina siku zisizotuhusu na hazina Saba Saba wala Nane Nane. Iddi inaingizwa kwa makadirio, na mwezi ukiandama siku nyingine, kichujio kinawaita watoro watu 83. Mpe mtu mmoja kazi ya kuirekebisha usiku ule ule tangazo linapotoka. Na kwa waokaji amueni mapema, kwa maandishi, usiku unaoingia kwenye sikukuu mnauhesabuje.

Kichujio kimoja zaidi nakuomba ukihifadhi, ingawa hakihusu kuchelewa: walioratibiwa usiku ambao hawaruhusiwi. Mjamzito hapangiwi usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi akileta cheti cha daktari, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Hicho kitazame wakati wa kupanga ratiba, kabla haijabandikwa.

Turudi kwa wale 11. Usisubiri mpaka mipangilio ikamilike. Ripoti iliyotoa makato haiwezi kusimama, na kifungu cha 28 kinabana sana mwajiri anachoweza kukata kwenye mshahara. Warudishieni, na barua iseme wazi kwamba kosa ni la ratiba iliyoingizwa vibaya, sio la wao. Kisha fuata mpangilio huu: hifadhi nakala ya vidole ghafi, yaani kama mashine ilivyovirekodi, vya miezi yote miwili kabla hujagusa kitu, weka ratiba mpya zenye tarehe ya kuanza ya siku programu ilipowekwa, iambie programu ikokotoe upya kipindi chote, maana bila hivyo siku zilizopita zitabaki na majibu ya zamani hata ratiba ikiwa mpya. Vidole ghafi usivihariri kamwe. Aliyesahau kupiga anaongezewa mstari wa marekebisho wenye sababu na jina la aliyeidhinisha.

Baada ya hapo mhasibu asichukue tena ripoti moja kwa moja. Achukue orodha uliyoisaini, yenye jina la kichujio, kipindi, na saa uliyoitoa, kwa kuwa kichujio kile kile kikiendeshwa kesho baada ya msimamizi kurekebisha zamu moja kitatoa orodha nyingine.

Na yule dereva: mpe ratiba yake, 03:00, kuanzia wiki ijayo. Ya nyuma muachie. Ukimkokotolea miezi miwili iliyopita kwa ratiba ambayo hakuwahi kupewa, utakuwa umemfanyia kile kile mlichowafanyia waokaji.